Boule Alizozisahau Infirmier

Jirani yetu Infirmier, yaani muuguzi, alikuwa na boule nyingi kuliko mikono ya watu wote wa kiwanja. Ninaposema boule ninataka kusema ile mipira ya chuma ya mchezo wa pétanque, inayojaa kiganja, mizito kama jiwe la kusagia pilipili. Mchezaji mmoja anahitaji tatu tu. Yeye alikuwa nazo chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya ndoo iliyotoboka, na nyingine zililala katika nyumba za watu. Sikuwahi kuzihesabu, kwa hiyo sitaandika idadi. Wachezaji walitaja idadi zao, kila mmoja ya kwake, na ninafikiri walikuwa wanaongeza.

Ninaandika juu yake nikijua kwamba wako waliomfahamu vizuri kuliko mimi. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, halafu nikapewa cherehani. Lakini cherehani yangu ilikaa miaka mingi kwenye baraza ya duka la Mgreki, kule Mangobo. Kiwanja cha pétanque kilikuwa mbele yangu, na dispensere ng'ambo ya barabara. Mtu anayeshona lazima apumzishe macho mahali, na yangu yalipumzika kwake. Kama niliona vibaya, ni kosa la macho, siyo la nia.

Jambo moja niliseme mapema, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mkono wake wa kuume ulikuwa unatetemeka. Ulianza kidogo kidogo, katika miaka ile tuliyoitana "citoyen", yaani raia, na kuvaa beji ya Chama kifuani. Kwa mwalimu au karani ingekuwa kitu cha kuchekwa mbele ya chupa ya bia, basi. Kwake, hapana. Ndugu zake wa Yanonge walikuwa na pirogue na nyavu; yeye aliacha mto zamani, hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alikuwa na sindano. Siku watu wangesema kwa sauti kwamba mkono wa Infirmier unacheza, hakuna mama angemletea tena mtoto, na hakuna mkubwa angemwachia ufunguo wa dispensere. Yeye alijua hivyo. Mimi nilichelewa kujua.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, hata jua likiwa kali. Alipenda usafi mpaka akachosha watu. Ukiingia dispensere na viatu vya matope, anakurudisha nje bila kuinua macho. Lakini kwenye kiwanja alipiga magoti katika vumbi jekundu, na suruali ileile nyeupe, kupima na kipande cha fimbo ni boule gani iko karibu na kijipira cha mti kinacholengwa. Mke wake alifua suruali ile akisema peke yake.

Kwa wagonjwa alikuwa na neno lake moja, la wadogo na wakubwa. Anashika bega, anasema polepole: "Usiangalie sindano. Angalia mulango." Watu waliangalia mlango. Nimeona hata polisi mmoja mwenye masharubu anaangalia mlango kama anamngoja mama yake.

Sasa, boule. Nyingine aliipata sokoni, kwa mama wa samaki aliyetoka Isangi na mashua. Huyo mama alikuwa anaitumia kama jiwe la mizani. Infirmier aliiona kati ya ndakala, wale samaki wadogo, akaishika, akaipima mkononi, akaing'ang'ania.

"Papa, weka mali yangu," mama alimwambia.

"Uniuzishie hii."

"Nikuuzishie jiwe yangu, samaki nitapima na nini? Na kichwa yako?"

Watu walicheka sana. Aliondoka, akarudi na jiwe la kweli la mizani, sijui alilitoa wapi, wakabadilishana. Mama wa samaki alisimulia wiki nzima kwamba ameona mtu mwenye akili ya shule akitoa jiwe zuri kuchukua bovu.

Nyingine zilikuwa za Mgreki mwenyewe, yule wa duka. Serikali ilipogawa maduka ya wageni, Mgreki alikwenda zake na valizi moja. Infirmier alimfuata kwa baiskeli mpaka Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege, maana alisikia kwamba boule zinazidisha kilo kwenye valizi na lazima ziachwe. Hii ninaandika kama alivyonisimulia yeye. Mimi sikuwa Simi-Simi. Alisema Mgreki alimpa mbili, akakataa kutoa ya tatu. Akaiweka katika mfuko wa koti, akapanda ndege koti limeinama upande mmoja. Ndiyo sababu seti ile haikukamilika, na Infirmier hakuichezea kamwe. Alisema ni nzito kupita zote.

Kila alipotokea kiwanjani na mpya, wachezaji walimngoja.

"Papa Infirmier, ingine tena? Ile ya jana imekufa?"

"Ile ya jana iko ya matope. Hii iko ya ukavu."

"Na ya mazishi, iko wapi?"

"Ya mazishi nakuchungia weye."

Alikuwa na jibu kwa kila moja. Hii ngumu, hii laini, hii haikimbii ikigusa changarawe. Alikuwa tireur, mwenye kazi ya kuigonga boule ya adui na kuiondoa, siyo ya kukaribia polepole, na alisema tireur bila chuma kizuri ni kama soldat bila risasi. Bon, siku hizo mtu hakusema maneno kama hayo kwa sauti kubwa, lakini yeye alisema. Mke wake alikuwa na maelezo mengine. Alinijia na kitambaa cha kushona, akakaa, akalalamika: "Bwana za benzangu bananunua redio. Mimi nalala juu ya chuma kama locomotive."

Wachezaji walikuwa na sababu yao, na kwa muda mrefu niliiamini. Walisema: Infirmier amezeeka, anakosa, na boule inaweza kulaumiwa, mkono hapana. Akikosa na hii, ananunua ile, na wiki moja anapata amani. Ni kweli nilimwona akikosa, halafu akiigeuzageuza boule mkononi na kuitazama kama mtoto aliyemdanganya. Na sitasema kwamba hawakuwa na haki hata kidogo. Nafikiri karibu wachezaji wote wa kiwanja kile walikuwa na ugonjwa huo, yeye tu alikuwa nao kupita wengine. Hata dereva wa lori aliyemcheka zaidi alikuwa na seti mbili chini ya kiti cha gari.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sababu ile haikulieleza. Infirmier alisahau boule zake kwa watu. Mtu huyu alikumbuka kilo za kila mtoto aliyemchoma dawa. Alikumbuka ni nani hapatani na pénicilline, na ni bibi gani anadanganya kwamba ameshakula. Na bado akienda kumchoma mgonjwa nyumbani, anaacha boule. Kwa bibi mwenye ugonjwa wa sukari nyuma ya kanisa aliacha moja. Kwa mwalimu mgonjwa wa kifua, moja. Kwangu aliacha moja siku aliyokuja kumwona mama mkwe wangu, na nilipomfuata nayo barabarani, alisema hata bila kusimama: "Iache kwako, mama Feza. Nitaipitia." Hakuipitia. Nikaitumia kugandamiza vitambaa wakati wa upepo.

Watu walisema akili inamtoroka. Mke wake pia alianza kuogopa hivyo.

Feza ni mtoto wangu wa tatu. Alipokuwa bado mdogo alishikwa na homa kali, mchana, mwili unawaka, macho yanageuka juu. Nilituma mtu ng'ambo ya barabara, Infirmier akaja na kisanduku chake. Alichemsha sindano juu ya réchaud yangu, akavunja ampule ya quinine. Nilikuwa nimemlaza Feza kwenye mapaja, nimemshika miguu. Hapo nikauona mkono. Nilikuwa nimeuona ukitetemeka kiwanjani, kwa mbali. Karibu ni kitu kingine. Ncha ya sindano ilikuwa inaandika hewani. Nilijua, kama mama yeyote wa kwetu anavyojua, kwamba sindano ya quinine ikiingia mahali pabaya mtoto anaweza kuburuta mguu maisha yake yote. Kwenye njia yetu alikuwako mtoto wa namna hiyo, siyo wa mkono wake, lakini alikuwako.

Nilitaka kusema basi. Na kumpeleka wapi, na homa ile?

Yeye aliiweka sindano chini, kwenye sahani. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama Feza, ile boule yangu niliisahau hapa, iko wapi?"

Nilifikiri amepata wazimu. Nilimwonyesha na kidevu. Akaichukua kutoka juu ya vitambaa, akauacha mkono uning'inie pembeni na chuma ndani yake, akasimama hivyo, anatazama ukuta. Feza alikuwa analia, halafu hakulia tena, na hiyo iliniogopesha zaidi. Infirmier hakusogea. Niliangalia kidole chake kidogo, kile cha mwisho, kilichokuwa kinagonga chuma. Kikagonga. Kikagonga polepole. Kikanyamaza.

Akaweka boule chini, akapangusa mkono na alcool, akachukua sindano, akachoma. Mkono ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu aliyelala.

Baadaye, Feza amelala, alinawa. Akaniuliza bila kugeuka: "Umeona?"

"Nimeona, papa."

"Bon."

Hakuniomba ninyamaze. Nilinyamaza. Nilielewa sasa kwa nini boule ya nyuma ya kanisa, na ya kwa mwalimu, na ile ya ndani ya tiroir, droo ya meza pale dispensere. Chuma kizito kinachosha mkono, na mkono uliochoka unatulia kidogo, wakati wa kutosha sindano moja. Mkono ulipozidi kutetemeka, alitafuta nzito zaidi. Alizisahau zote mahali ambapo angezihitaji. Angezibeba mkononi kila siku, watu wangeuliza. Mtu mwenye wazimu wa pétanque, hakuna anayemuuliza kitu, wanamcheka tu.

Sina hakika kama nilifanya vizuri kunyamaza. Mara nyingi nilijiuliza: na siku chuma kitashindwa, mtoto atakuwa wa nani? Nilijibu kwamba hakuna mwingine. Halafu akaja mwingine, na jibu langu likaisha.

Commissaire wa zone, mkubwa wa serikali kwetu, alikuwa na mpwa wake, kijana aliyetoka shule ya wauguzi na diplome. Alimweka pale dispensere kuwa wa pili, na watu wote walielewa kwamba wa pili anangoja. Ni lazima niseme haki: kijana alikuwa mzuri. Mkono mwepesi, hasemi ovyo, hapokei kuku. Na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa sawa: alisafisha meza, akakuta boule kati ya sindano, akasema chuma cha vumbi hakiwezi kulala na vifaa vya wagonjwa. Akaitoa, akampa mlinzi. Kwa usafi ambao Infirmier mwenyewe alitufundisha, angejibu nini? Mlinzi akaibeba kwenda kwao.

Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima, tunalima majani kando ya barabara, zone nzima, na Commissaire mwenyewe alikuja kuonyesha mfano. Alivua koti, akachukua coupe-coupe, yaani panga, akakata mara chache huku watu wanapiga makofi, halafu akajikata mguu juu ya kiatu. Damu siyo nyingi. Lakini coupe-coupe ilikuwa na kutu, na kila mtu alisema pepopunda. Wakampeleka dispensere wakiwa kundi, na sisi tuliobaki na majembe tukafuata mpaka dirishani. Mimi pia.

Infirmier alikuwa anafunga kidonda. Kijana alisimama nyuma, tayari amenawa mikono. Commissaire aliketi kwenye kiti, amekunja mkono wa shati mpaka begani, anatabasamu.

"Citoyen Infirmier," alisema, na sauti ilifika mpaka kwetu nje, "nasikia mukono yako inacheza kushinda ba-danseurs ya animation ya Chama."

Watu walicheka, maana alipocheka yeye ulicheka.

"Bachezaji ya pétanque banapenda kusema, Citoyen Commissaire."

"Bon. Basi unichome weye. Huyu petit aangalie, ajifunze."

Kijana alitazama chini. Infirmier alivuta tiroir. Sijui kama alisahau kwamba ni tupu, au ni mkono uliokwenda wenyewe. Aliivuta, akaitazama, akairudisha polepole. Akachukua serum, dawa ya pepopunda, akaanza kukata shingo ya ampule, na sauti ya kioo ilikuwa siyo moja, ilikuwa nyingi, ti-ti-ti-ti, na kwenye dirisha watu waliacha kuongea.

Nilikimbia. Ninaandika hivyo kwa haraka, lakini sikuwaza chochote kizuri. Nilivuka barabara, nikaingia barazani, nikaivuta boule kutoka juu ya vitambaa na vitambaa vikaanguka vumbini, gauni la bi harusi pia. Nikarudi, nikapita kati ya watu, nikaingia na viatu vyangu vya matope mpaka mbele ya meza.

"Papa Infirmier," nilisema, pumzi hakuna, "boule yako. Uliisahau kwangu. Nimechoka nayo."

Halafu mmoja wa dirishani akapasuka: "Eh! Hata saa ya Commissaire, boule!" Na nyumba nzima ikacheka, Commissaire akashika tumbo. Infirmier aliipokea. Aliushusha mkono chini pamoja nayo. Na hapo ndipo nilimwona akidanganya vizuri kuliko siku zote.

"Mama, unaniharibia kazi," alisema, akamgeukia Commissaire. "Hii, Citoyen Commissaire, inatoka Yangambi. Agronome mumoja, fundi ya mashamba, aliniuzishia. Ukiishika, unaona kama haina uzito. Unairusha, inakataa kukimbia. Nilimuuliza, 'Weye unaiuzisha sababu gani?' Akanijibu, 'Sababu bibi yangu amesema ni mimi ao ni boule.'"

"Na ulichagua nini, weye kwako?" Commissaire aliuliza.

"Mimi? Bibi yangu bado anafikiri."

Walicheka tena. Aliendelea kusema, juu ya changarawe, juu ya mvua, na mkono ulikuwa umening'inia, na mimi niliangalia kile kidole cha mwisho. Kiligonga. Watu walicheka. Kiligonga. Halafu sikukiona kikigonga tena. Akaniwekea boule mkononi, nikarudi nyuma mpaka mlangoni; akapangusa vidole, akashika bega la Commissaire.

"Usiangalie sindano. Angalia mulango."

Na Commissaire wa zone aliangalia mlango, na mlangoni nilisimama mimi na boule. Sindano iliingia moja kwa moja.

Kama ni boule au ni Mungu, sijui. Kama ningebaki nje, pengine kijana angechukua sindano siku ile, Infirmier angepumzika, na hakuna mgonjwa angekuwa kwenye hatari. Hiyo ni hesabu ya upande mwingine na ninaiweka hapa, maana ni ya haki. Kitu ninachojua ni kwamba kijana alikuwa ameona. Alikuwa nyuma yake, karibu kuliko mimi. Wiki iliyofuata niliingia dispensere na mtoto mwenye jipu, nikaona boule ndani ya tiroir, mahali pake, imefungwa gaze, kitambaa cheupe cha vidonda. Kijana mwenyewe aliirudisha. Alikuwa anaichemsha asubuhi pamoja na sindano, katika sufuria ileile. Hawakuongea juu yake hata siku moja, hivyo ndivyo mlinzi alivyoniambia.

Infirmier alifanya kazi miaka mingine. Alikataa watoto wadogo, akasema macho yamechoka, akamwachia kijana. Aliendelea kununua boule. Kiwanjani hakuwa tireur tena, aliketi upande na kusahihisha wengine, na walimtukana kama zamani.

Mara ya mwisho nilipomkuta kazini, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ilibidi kupaza sauti. Nilikuwa na homa yangu mwenyewe, meno yanagongana. Redio ya mlinzi ilikuwa inaimba nyimbo za Chama. Infirmier alinikalisha kitini.

"Quinine, mama Feza?"

"Ndiyo, papa."

Alifungua tiroir, akatoa boule kwenye gaze, akaushusha mkono. Tukangoja. Hakujificha tena mbele yangu. Niliangalia kidole, kama siku ya Feza. Kiligonga, kikagonga, kikagonga. Mvua ilipungua, kidole hakikupungua. Aliirudisha. Akaenda kwenye begi lake lililotundikwa ukutani, akatoa nyingine, nyeusi, imelika: moja ya zile mbili za Mgreki, nzito kupita zote. Akaishika kando ya meza. Na sasa haikuwa kidole tena. Boule yenyewe ilikuwa inatetemeka, na ilikuwa inagusa ukingo wa sahani ya sindano, na sahani ilikuwa inalia.

Aliisikiliza kwanza. Halafu akasema: "Haitoshi tena."

"Papa, choma tu. Mimi niko mutu muzima, siogopi."

"Weye hauogopi," alisema. "Mimi naogopa."

Akageuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma, na akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akimwitia mtu kazi yake: "Petit! Kuya. Umuchome mama."

Kijana, ambaye sasa alikuwa na mvi mbili tatu, alikuja. Alinawa mikono, akachukua sindano, akasimama nyuma yangu, akangoja.

"Usiangalie..." Infirmier alianza, akaacha.

Sikuangalia mlango. Niliangalia boule ya Mgreki mkononi mwake, inayogonga sahani. Nikanyoosha mkono wangu wa homa, nikaufunga juu ya wake, chuma katikati, tukaishika wote wawili juu ya meza. Sahani ikanyamaza. Yeye aliangalia mlango.

"Mama," kijana alisema nyuma yangu, "imeisha."

Sikuwa nimeisikia ikiingia.